Kushika na Kuachia: Habari za Breki Iliyonasa

Katika vitenzi vya Kiswahili si vingi vilivyo na ukoo mpana kama kitenzi 'shika'. Kutoka kwake twapata shikia, shikilia, shikiza, shikana na shikamana. Twapata mshiko na mshikamano. Na hata salamu yetu ya heshima, shikamoo, huelezwa kuwa ilitoka katika kusema 'nashika miguu yako'. Mwizi hushikwa, neno la mkubwa hushikwa, na mjamzito hushikwa na uchungu. 'Ushikwapo shikamana', hutuhimiza methali. Yote hayo twayafundisha darasani kila mwaka, tukiandika mizizi na viambishi ubaoni mpaka chaki ikwishe. Lakini jinsi kushika na kuachia vinavyotegemeana hatukupata kuiona wazi kama tulivyoiona hivi karibuni, chini ya gari, mikono yetu ikiwa imejaa masizi.

Sisi ni walimu watatu wa sekondari katika vilima vya Kabale, kusini-magharibi ya Uganda. Mji wetu umekaa kwenye kimo cha karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna safari huku isiyokuwa na mpando na mteremko. Tunalo gari dogo kuukuu tulilolinunua kwa kuchangiana, gari ambalo, kama yalivyo mengi ya Afrika Mashariki, lilikwisha kuutumikia ujana wake ng'ambo kabla ya kufika mikononi mwetu. Hilo ndilo hutupeleka semina, ndilo hubeba vitabu na karatasi za mitihani, na ndilo gari pekee la mtaani petu linaloweza kuamshwa usiku wa manane mtu akizidiwa. Wakati wa mambo haya mke wa mwenzetu mmoja, ambaye sisi wengine twamwita shemeji, alikuwa amebakiza siku chache kujifungua. Njia ya kwenda hospitali ni mteremko mrefu wenye kona nyingi. Kwa hiyo gari lilipoanza kuonyesha dalili za ugonjwa, halikuwa jambo la kusema tutaliangalia muhula ujao.

Dalili zenyewe zilikuja moja moja. Kwanza gari lilipenda kwenda kushoto, hata usukani ulipoelekezwa mbele. Pili, likiwa mahali tambarare, likitolewa gia halikuserereka kama desturi yake, bali lilisimama upesi kama punda aliyekumbuka nyumbani. Tatu petroli ilikwisha mapema. Mwisho, tulipofika nyumbani siku moja, tulisikia harufu ya kuungua, na gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na moto usioweza kusogezwa mkono, ilhali la kulia lilikuwa vuguvugu tu.

Yafaa tueleze kwa nini moto huo ni hatari, maana wengi wetu tunaoendesha magari hudhani kwamba breki inayoshika kupita kiasi ni breki nzuri kupita kiasi. Breki za magari ya leo hufanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alionyesha kwamba ukikisukuma kioevu kilichofungiwa mahali, msukumo ule huenea sawasawa pande zote. Mguu wa dereva ukikanyaga pedali, nguvu yake husafiri ndani ya mafuta mpaka kwenye kila gurudumu. Sasa mafuta hayo ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini ni nyuzi 140. Aina ya DOT 4 huanza na nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Breki iliyonasa hupasha moto mafuta hayo pasipo kupumzika. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke, tofauti na kioevu, hukubali kubanwa. Hapo pedali huzama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Ndiyo kusema kwamba breki isiyoachia hatimaye huwa breki isiyoshika, na huwa hivyo katikati ya mteremko, pale inapohitajiwa zaidi.

Tulilipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini. Kijana aliyelitazama aliinama, akalitazama gurudumu kwa nje, akatuambia kwamba kalipa zote mbili za mbele zimekufa na hazina dawa ila kununua mpya. Bei aliyoitaja ilikaribia mshahara wa mwezi mzima wa mmoja wetu, na vifaa vyenyewe vingengojewa kutoka Kampala. Tukarudi nyumbani polepole, tukisimama mara kwa mara ili gurudumu lipoe, na jioni tukaenda kwa mzee mmoja jirani yetu. Mzee huyu alijifunza ufundi katika gereji za Mwanza siku za ujana wake, kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Siku hizi macho yamepungua nguvu na hashiki spana ila kwa kuombwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, walimu wangu. Naona leo mmekuja kwa miguu."

"Gari lina breki mbovu, mzee. Mjini wametuambia tununue kalipa mbili mpya."

"Walizifungua?"

"Hawakuzifungua."

"Basi wameisoma barua bila kuifungua bahasha," alisema mzee. "Tena breki yenu si mbovu. Breki mbovu haishiki. Hii yenu imenasa. Na kilichonasa hunasuliwa. Njoni na gari Jumamosi asubuhi, nanyi mvae nguo za shamba. Mimi nitasema, ninyi mtafanya."

Tuliona namna alivyotofautisha maneno yake. Kunasa na kunasua, kukwama na kukwamua, kufunga na kufungua: hiyo ndiyo kauli ya kutendua, ambayo wanafunzi wetu huikariri bila kuiona maana yake. Kwa mzee haikuwa kauli ya sarufi, ilikuwa ndiyo kazi yake.

Jumamosi ilipofika alituamuru kwanza tuweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha tuinue mbele kwa jeki, kisha tuweke stendi za chuma chini ya gari, tena tulisukume kwa nguvu kuona kama litayumba. "Jeki ni ya kuinulia," alisema, "si ya kulalia chini yake." Tukalitoa gurudumu la kushoto, na kwa mara ya kwanza tukakiona vizuri kile tulichokuwa tukikikanyaga kila siku.

Breki ya namna hii ni diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na kalipa ni kama kiganja kilichoikumbatia kwa pande mbili. Wazo lenyewe ni la zamani: Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902, ingawa ilichukua nusu karne kabla magari ya kawaida hayajalipokea. Ndani ya kiganja hicho zimo pedi mbili, moja kila upande wa diski. Katika gari letu, kama yalivyo magari mengi madogo, kuna pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Mafuta yanapoisukuma pistoni, pedi ya ndani huibana diski. Kisha kalipa yenyewe, kwa kuwa imeegemea pini mbili za kutelezea, huvutwa upande wa pili na kuileta pedi ya nje. Hivyo diski hubanwa kwa usawa na pistoni moja ikafanya kazi ya mbili.

Na kuachia je? Hapa ndipo tulipostaajabu. Sisi tulidhani kuna springi kubwa ya kuirudisha pistoni. Hakuna. Kuna sili tu, pete ya mpira iliyokaa katika mfereji ndani ya silinda na kuizunguka pistoni. Pistoni inapotoka, pete ile hujipinda kidogo kuifuata. Mguu ukiondoka kwenye pedali, pete hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimeta. Nafasi hiyo ndogo yatosha kuliacha gurudumu huru. Kuachia kwote kwa gari kumo katika pete ya mpira isiyozidi unene wa uzi wa kiatu, na katika pini mbili zilizopakwa grisi.

Mzee alitaka tujue ugonjwa uko wapi kabla ya kufungua chochote. Mmoja wetu akakanyaga pedali na kuachia; wengine tukalizungusha gurudumu kwa mkono, lisizunguke. Ndipo alipotuelekeza kukilegeza kibomba kidogo cha kutolea upepo kilicho mgongoni mwa kalipa. "Gurudumu likilegea sasa hivi," alisema, "ugonjwa uko nyuma. Mafuta yamefungiwa njiani, katika bomba la mpira lililovimba ndani au katika silinda kuu. Lisipolegea, ugonjwa uko hapa hapa." Tone la mafuta lilitoka, gurudumu halikulegea. Tukakikaza kibomba na kuanza kufungua.

Kalipa ya kushoto ilikuwa imekwama kwenye pini. Moja ilitoka kwa kuvutwa kwa vidole. Ya pili ilitaka nyundo ndogo na subira nyingi, nayo ilipotoka ilikuwa kavu, nyekundu kwa kutu, na grisi yake ya zamani imeganda kama ulimbo. Pedi nazo zilitoa ushahidi, kwa maana zililika mshazari, upande mmoja nyembamba kuliko mwingine. Kalipa ilitundikwa kwa waya, maana mzee hakukubali ininginie kwenye bomba lake la mpira. Tulipanguza vumbi kwa kitambaa kibichi, tusilipulize, kwa sababu vumbi la pedi halifai mapafuni, na lile la pedi za zamani lilikuwa na asbesto. Tukaziparua pini mpaka zikang'aa, tukapaka grisi maalumu ya breki, tukazirudisha, nazo zikateleza kama kisu katika parachichi. Mmoja wetu alileta petroli ya kusafishia. Mzee aliinua mkono: "Petroli na oili ya injini ni adui wa mpira wa breki. Utauvimbisha, na kesho utanasa tena." Kwa hiyo sehemu zote za mpira zilisafishwa kwa mafuta ya breki yenyewe, nayo yakachungwa yasidondokee rangi ya gari, kwa kuwa huibabua.

Tulikuwa tayari kushangilia, lakini mzee akasema breki hutazamwa kwa jozi. Tukafungua ya kulia, ile ambayo haikutupa shida yoyote. Pini zake zilikuwa nzima. Lakini mpira wake wa vumbi ulikuwa umechanika, na pistoni ilipotolewa kidogo kwa kukanyagwa pedali, huku kipande cha ubao kikiwa kimewekwa mbele yake kuizuia isiruke, tuliona vishimo vya kutu kwenye uso wake ambao ulipaswa kuwa laini kama kioo.

Tukamwuliza kama msasa laini usingetosha. Tukataja siku za shemeji, tukataja umbali wa Kampala, tukataja bei. Yote yalikuwa kweli, na mzee aliyasikiliza yote.

"Walimu," alisema, "msasa haufuti shimo, huondoa ngozi iliyobaki. Ya kushoto ilikuwa na uchafu, tumeitoa uchafu. Hii imeliwa. Sili mpya ikipita juu ya vishimo hivi itachanika, na mafuta yatatoka. Mimi sitakuwa ndani ya gari usiku huo. Atakuwamo yeye, na mtoto. Nunueni moja."

Palikuwa kimya kidogo. Kisha mwenzetu, mume wa yule mama, akasema tutanunua, na hapakuwa na mjadala tena. Tulichanga bei ya kalipa moja badala ya mbili, pamoja na pedi mpya za pande zote mbili, tukatuma ujumbe Kampala kwa dereva wa basi tunayemfahamu, na gari likabaki juu ya stendi siku tatu. Siku hizo tatu zilikuwa ndefu. Kila usiku tulilala tukiwa na namba ya simu ya mwenye teksi mmoja wa mjini karatasini, ingawa hatukujua kama angekubali kupanda mlima saa nane za usiku.

Kalipa ilipowasili tuliifunga, na kazi ya mwisho ikawa kutoa upepo, kwa kuwa mabomba yakifunguliwa hewa huingia, na hewa hubanwa kama mvuke. Mmoja alikaa kwenye usukani, mmoja kwenye gurudumu na spana, na mmoja akimimina mafuta mapya juu, chupa ikiwa imefunguliwa siku ile ile. Mzee aliketi kigodani akitoa amri: "Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia!" Hapo kibomba kilifunguliwa, mafuta meusi yakatoka na mapovu, kikafungwa. "Achia." Kisha tena, mpaka mafuta yakawa safi bila povu. Amri hizo zisipofuatwa kwa mpangilio, mwenye pedali akiachia kabla kibomba hakijafungwa, hewa hunyonywa ndani na kazi huanza upya. Basi tofauti kati ya 'shika' na 'shikilia', ambayo darasani huwa ni mstari mmoja wa maelezo kuhusu tendo linaloendelea, hapa ilikuwa ndiyo tofauti kati ya breki na kifo. Kabla ya kuondoka tulikanyaga pedali mara nyingi, mpaka ikawa ngumu chini ya mguu. Tukalijaribu gari kwenye tambarare ya uwanja wa shule, kisha kwenye mteremko mfupi, kisha tukasogeza mkono karibu na kila gurudumu. Joto la kushoto na la kulia lilikuwa moja.

Siku ya sita baadaye, saa tisa za usiku, shemeji alishikwa na uchungu. Gari lilishuka mlima likishika kila lilipotakiwa kushika na kuachia kila lilipotakiwa kuachia. Kulipopambazuka alikuwa na mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa wazima.

Tumeyaandika haya katika jarida la walimu wa lugha, si la mafundi, kwa sababu ya jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili wa nchi yetu analijua. Wazee wengi wa huku walikisikia Kiswahili mara ya kwanza kikiwa amri ya mwenye bunduki: simama, lala chini, toa ulichonacho. Agizo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa lilitolewa na serikali ya kijeshi, wala halikukifanya kipendwe. Baadaye Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo mzazi bado hutujia mlangoni kutuuliza, lugha hii itamfaa nini mwanangu? Kwa kawaida twamjibu kwa kutaja Jumuiya, biashara na ajira. Majibu hayo ni sahihi, lakini yako mbali na uwanja wake. Tangu Jumamosi ile tunalo jibu la karibu zaidi. Mzee wetu naye alikuwa akitoa amri kwa Kiswahili, na kila amri yake ilikuwa ya kumlinda mtu.

Tena alikuwa na msamiati ambao sisi wenye shahada hatukuwa nao. Alisema 'kalipa imekwama' kwa moja na 'makalipa yamekwama' kwa mengi, kama tusemavyo dereva na madereva, na ulimi wake haukujikwaa. Sisi tulilisita neno hilo kwa kuwa ni la kigeni, tena linafanana na kitenzi cha kukalipa, yaani kuwa mkali, kilichozaa kukalipia. Baadhi yetu walipendekeza 'kibanio' au 'kishikio'. Mzee alisikiliza kwa adabu, akasema kibanio ni cha nguo na kishikio ni cha mlango; mtu akienda dukani kuomba kishikio cha breki atarudi mikono mitupu. Hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa neno ni la yule anayelitumia kufanyia kazi. Lakini palipokuwa na neno la Kiswahili linalotosha, hakulitafuta la kigeni: alisema kutoa upepo, alisema mpira wa vumbi, alisema kunasa.

Basi twapendekeza jambo moja dogo kwa wenzetu wa chama. Kila mwalimu na atafute fundi mmoja wa karibu naye, awe wa magari, wa baiskeli, wa redio au wa cherehani, amwombe mwanafunzi mmoja aketi naye asubuhi nzima na daftari, aandike kila kitenzi anachokitamka na kitu kilichotendwa kitenzi kile kilipotamkwa. Majina ya vifaa yatakuja yenyewe. Vitenzi ndivyo vyenye thamani. Sisi tumeanza na wanafunzi wanne. Daftari la kwanza lililorudi lina vitenzi 63, na kumi na moja kati yavyo hatukuwa tumepata kuvifundisha kamwe. Mzee amekwisha kutuambia kwamba viwili kati ya hivyo kijana aliviandika vibaya, na ya kwamba Jumamosi ijayo arudi na suruali ya shamba.